Lewis Allan Pruitt, 1961–2024: Ukurasa wa Peris Bado

Kabla ya kuchapisha maneno ya mtu yeyote, marehemu Lewis Allan Pruitt alimpigia simu mwenyewe, akamsomea yote kuanzia mwanzo hadi mwisho, kisha akauliza: "Ndivyo ulivyosema?" Hakuacha kamwe, hata pale sisi wa nyumbani tulipomsihi aache.

Alizaliwa tarehe 9 Machi 1961 mjini Toledo, Ohio, Marekani, mtoto wa fundi wa vioo. Alisomea uandishi wa habari chuo kikuu, akahitimu mwaka 1983 na kuajiriwa na gazeti la mji wao. Mwaka 1986 alimnukuu vibaya mama mmoja wa kiwandani, na mama huyo akafutwa kazi. Gazeti liliomba radhi kwa mistari miwili. Yeye aliomba radhi maisha yake yote.

Mwaka 2005 alihamia Riyadh, Saudia, akapanga chumba juu ya duka la fundi cherehani mtaani Al-Dirah. Baadaye alihamia Jeddah kuandika kuhusu wafanyakazi wa nyumbani. Dada yangu Roselyne alikuwa mmoja wao, huko Al-Safa. Aliposomewa maneno yake, alimkatiza: "Hapo umeniliza bure. Mimi sikulia, nilikasirika. Futa!" Akafuta. Kitabu kilitoka mwaka 2010, na tarehe 17 Desemba 2011 wakafunga ndoa Nakuru. Roselyne alirudi Jeddah, safari hii na ikama, kibali cha ukaazi, ya mke wa mkaazi.

Kitabu cha pili kilikuwa cha wanawake arobaini na mmoja. Mimi ndiye niliyeuchapa mswada wake kwenye kompyuta. Arobaini walisomewa, wakakubali. Wa arobaini na moja, Peris wa Riyadh, alihamishiwa kwa kafili mwingine, yaani mwajiri anayemdhamini, na simu yake ikazimika. Lewis alimtafuta miaka miwili, mpaka mchapishaji akachoka, akajitoa.

"Shemeji, si umtoe Peris, wengine wasikike?" nilimwambia.

"Emmah, nikimtoa atakuwa amenyamazishwa mara ya pili."

"Basi chapisha bila kumsomea!"

Akaenda kuchemsha chai. Mpaka leo sijui nimkasirikie nani: yeye, mchapishaji, ama ile simu.

Februari 2024 aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho. Nilisafiri kwenda kumsaidia dada kumuuguza. Alifariki Jeddah tarehe 3 Mei, saa nne asubuhi. Mwili ulikaa siku ishirini na sita ukingoja karatasi, ofisi hii ikitutuma kwa ile, na ile ikituambia turudi kesho. Leo ndipo tunamlaza hapa Njoro, kwenye shamba alilolinunua na hakuwahi kupata nafasi ya kulilima.

Ameacha mjane wake Roselyne, binti yao Stacy, kaka yake Duncan aliye Ohio, mimi shemeji yake, na kurasa mia tatu na kumi za kitabu cha pili ndani ya sanduku lake la safari. Yeye alale salama. Sisi bado tuna simu ya kupiga.

Siku moja kabla hajafa alinishika mkono, akaniambia: "Ukimpata Peris, msomee polepole. Akisema futa, ufute."