Igiraneza wa Kamembe, Aliyejisomea Damu Yake

Wasikilizaji wapendwa, popote mlipo, hapa Kamembe, Nkanka, kisiwani Nkombo, nanyi mnaotupata kutoka ng'ambo ya mpaka, kule Bukavu, karibuni tukae pamoja. Mwenye shughuli jikoni aiache kidogo. Leo tunamkumbuka binti wa watu.

Jina lake Igiraneza. Ni binti wa fundi Ridhwani, yule mtengeneza makochi, na wa Maman Niyonsaba, muuza vitenge. Alitutoka akiwa na miaka kumi na tisa. Narudia kwa aliyefungua redio sasa hivi: tunamkumbuka Igiraneza, binti wa Ridhwani na Niyonsaba, aliyeaga dunia akiwa na miaka kumi na tisa.

Aliugua ugonjwa wa damu. Unaitwa selimundu. Huku kwetu wengi tunaujua kwa jina la Kifaransa, drepano. Mtu huzaliwa nao. Mifupa inauma kana kwamba inasagwa, maumivu yanatulia, ukidhani yamekwenda yanarudi. Igiraneza alizaliwa nao, akakua nao.

Aliacha shule akiwa mwaka wa pili wa sekondari. Si kwa kukosa akili. Leo yuko darasani, kesho yuko hospitalini, na mwisho kitanda chake cha bweni akapewa mwingine. Ridhwani alikwenda kumchukua. Alibeba godoro la mtoto kichwani, binti akimfuata nyuma.

Walipofika nyumbani, baba alimtengenezea kochi refu ndani ya karakana yake. Aliweka sponji nene maradufu, maana sponji ya kawaida ilimuumiza mgongo. Igiraneza akawa analala pale mchana kutwa, akimtazama baba akikata vitambaa. Ridhwani anakumbuka kwamba mtoto alikuwa haongei. "Alikuwa anaangalia ukuta," anasema. "Mutoto wa myaka kumi na tano, anaangalia ukuta tu."

Ndipo akaingia Muderhwa.

Muderhwa ni fundi wa simu, mtu wa Bukavu aliyehamia upande huu. Alikuja kutengenezesha kiti, akamwona binti kwenye kochi, akauliza habari zake. Ridhwani akamweleza. Muderhwa akasema, "Mzee Ridhwani, masomo iko. Iko kwa mtandao, tena ya bure. Fizikia, historia, uchumi, mambo ya nyota, yote. Haiko muntu anakuuliza bulletin, ile karatasi ya alama za shule."

Siku chache baadaye alileta tableti ya zamani yenye kioo kilichopasuka pembeni. Alikuwa ameipakulia masomo hadi ikajaa. Walimu wa nchi za mbali, wengine kwa Kifaransa, wengine kwa Kiingereza, wakaingia karakana ya makochi Kamembe. Na Igiraneza akaacha kuangalia ukuta.

Alisoma kila kitu, wasikilizaji. Alisoma hesabu. Alisoma sheria za nchi ambazo hatafika. Alisoma jinsi bei za vitu zinavyopanda, akamweleza mama yake kwa nini vitenge vimekuwa ghali, na mama akacheka, akasema hata asiyesoma anajua ni ghali. Muderhwa alipomaliza kazi zake alikuja kufuta yaliyokwisha na kuweka mapya. Igiraneza alikuwa anasikiliza somo, kisha analisimulia kwa Kiswahili, na Ridhwani, ambaye hakumaliza shule ya msingi, alikuwa anasikiliza huku mkasi unakwenda.

"Papa, banasema udongo inapasuka hapa kwetu. Polepole. Afrika inajigawa, na mupasuko njo inapita chini ya hii ziwa Kivu."

"Chini ya kochi yangu?"

"Chini ya kochi yako."

Ridhwani alisimama, akalisukuma kochi pamoja na binti yake hadi upande wa pili wa karakana. Walicheka mpaka mtoto akashika mbavu. Ridhwani anasema siku zile ndizo anazoziita maisha yake.

Sasa niwarudishe nyuma kidogo, muelewe kilichofuata. Kabla ya hayo yote, nyumba hii ilikuwa imezika mtoto mwingine. Kalisa, mdogo wake Igiraneza. Alikufa akiwa hajaanza hata kutembea. Alivimba vidole, akapauka, akaenda. Watu wakasema amelogwa. Akanyooshewa kidole dada yake Ridhwani, Mukandayisenga, mkulima wa mpunga kule Bugarama, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa mgeni wa mwisho kumpakata. Niyonsaba aliamini. Ridhwani hakuamini sana, lakini alinyamaza. Shangazi akafukuzwa. Tangu hapo hakukanyaga Kamembe.

Basi ikafika siku ya somo la damu.

Desturi ya Igiraneza ilikuwa kufungua sauti karakana yote isikie. Siku ile alivaa vifaa vya masikioni. Ridhwani aliona. Aliona pia kwamba mtoto anarudisha somo nyuma, analianza upya, analirudisha tena. Jioni hakusimulia kitu. Kesho yake vilevile.

Somo lilikuwa linasema hivi. Mtoto huchukua nusu kwa baba, nusu kwa mama. Baba anaweza kubeba ugonjwa huu maisha yake yote asiumwe hata kichwa. Mama vilevile. Wakikutana wawili wa namna hiyo, kila mimba wanayoipata, mtoto anaweza kuzaliwa mgonjwa. Kila mimba, wasikilizaji, si moja tu. Na dalili ya kwanza kwa mtoto mchanga, mara nyingi, ni vidole kuvimba.

Na wiki hiyohiyo Maman Niyonsaba alikuwa ametangaza kwa furaha kwamba ana mimba.

Igiraneza alianza na baba yake.

"Papa, Kalisa hakulogwa."

Ridhwani akaweka mkasi chini. "Nani amekuambia?"

"Nimesoma. Ugonjwa ile ilimuua njo hii yangu. Ilitoka kwako na kwa Maman, bote wawili. Hamukujua. Haiko muntu alifanya mubaya."

"Na shangazi yako?"

"Shangazi hakufanya kitu. Mulimufukuza bure. Uende Bugarama umuombe musamaha. Na Maman lazima ajue, juu ya huyu mutoto iko ndani ya tumbo. Akizaliwa bamupime, dawa ianze mapema."

Ridhwani aliahidi yote mawili. Atamwambia mkewe. Atakwenda Bugarama. Alisema baada ya Idi. Idi ikapita. Kila akimtazama Niyonsaba na tumbo lake, ulimi ulikuwa mzito. Mwisho Igiraneza alichoka kungoja, akamwambia mama yake mwenyewe, wakiwa wanakula mchana, kwa upole, neno kwa neno, kama alivyokuwa anasimulia masomo mengine.

Niyonsaba alisukuma sahani.

"Myaka yote nilikuwa najua nani aliniulia mutoto," alisema. "Nilikuwa na muntu wa kuchukia. Leo unaniambia ni mimi?"

"Si wewe, Maman. Ni damu."

"Damu ya nani?"

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Nguo angalau unaweza kuivua, damu huwezi.

Tangu siku ile Maman Niyonsaba hakusema na binti yake. Tusimwonee, wasikilizaji. Alipika. Alichemsha maji ya kumkanda viungo. Alifua. Lakini chai aliiweka mlangoni mwa karakana na kugeuka. Akiulizwa, alijibu kupitia kwa mumewe. "Mwambie chai iko." Igiraneza alisema, "Asante, Maman," kila mara, na mgongo wa mama ulikuwa umeshaondoka.

Masomo hakuyaacha, ila ya biolojia hakuyagusa tena. Alirudi kwenye nyota. Ridhwani alimuuliza kwa nini.

"Ile nimeishaelewa, Papa," alisema. "Kuelewa haiponyeshe."

Mvua zikaja, na baridi ya ziwa. Kifua kikambana. Ridhwani alimbeba mgongoni hadi barabarani, wakapanda gari hadi hospitali. Niyonsaba alifuata nyuma na tumbo lake kubwa. Igiraneza akawekewa oksijeni. Mama akakaa kwenye benchi la ukumbini, nje ya mlango.

Asubuhi ya pili Igiraneza alifungua macho. "Maman iko wapi?"

"Iko hapo inje."

"Mwambie aingie."

Ridhwani alitoka. Niyonsaba alikuwa ameshika shuka mikononi, analikunja na kulikunjua. "Anakuita," Ridhwani alimwambia.

"Nakuya," alisema. "Ngoja kwanza."

Alikuwa anangoja nini, hata yeye hajui. Alibaki na shuka lake. Aliyetoka tena mlangoni alikuwa muuguzi.

Igiraneza alizikwa siku hiyohiyo, alasiri. Shangazi Mukandayisenga alipanda kutoka Bugarama. Alisimama nyuma ya wanawake wote, akalia peke yake, akaondoka kabla ya chakula. Ridhwani alimwona. Alikuwa amezungukwa na watu wa kumpa pole, na alipofanikiwa kutoka nje, shangazi hakuwapo.

Mtoto alizaliwa. Ni msichana, Uwineza. Niyonsaba hakutaka apimwe. Alisema mtoto ni mzima, mtazameni, ananyonya vizuri. Na kweli alinyonya vizuri, miezi ikaenda. Kisha siku moja Ridhwani alimshika mkono, akaona vidole vimejaa kama vya mtu aliyeumwa na nyuki. Alibaki ameushika ule mkono mdogo kiganjani.

"Ni baridi," Niyonsaba alisema.

Ridhwani alijua. Na Niyonsaba alijua, maana wote wawili walikuwa wamefundishwa na mwalimu mmoja.

Ridhwani alimpeleka mtoto hospitali peke yake. Jibu ni lile mlilokwisha kulifikiria. Ana drepano. Dawa zimeanza, zimechelewa, lakini zimeanza.

Tableti bado ipo karakana. Masomo yamo, na ni ya bure vilevile. Ridhwani huyafungua akiwa kazini. Sauti inatoka, Kifaransa kinakwenda, na yeye haelewi hata sentensi moja.

Maman Niyonsaba tulimuuliza kama ana neno la kusema hapa. Akasema, "Semeni tu kama aliniita, na mimi nilikuwa hapo inje." Basi nimesema.

Kwa niaba ya kipindi hiki, natoa pole kwa fundi Ridhwani. Pole kwa Maman Niyonsaba. Pole kwa Muderhwa, ambaye hajafika karakana tangu mazishi, kwa sababu anajiona yeye ndiye aliyeleta yote. Muderhwa, kama unatusikia, fundi Ridhwani anasema urudi. Mungu amrehemu Igiraneza.

Na sisi tuliobaki, tujiulize. Mwezi huu kuna ndoa zitafungwa katika wilaya yetu, na vijana watapima urefu wa shela, watapima ukubwa wa hema. Nani atapima damu? Na katika kila mtaa kuna mtu tuliyemnyooshea kidole siku ya msiba, kwa sababu uchungu ulitaka pa kukaa.

Shangazi Mukandayisenga yuko Bugarama. Majirani zake wanasema redio yake haizimwi, hata akiwa shambani. Bila shaka anatusikia. Mpaka leo hii, hakuna aliyekwenda kumwomba msamaha.