Ukuta wa Ekrani Mbili

Ndugu zangu, kabla ya kutoa ushuhuda wangu nikiri ujinga wangu, ili anayetaka kucheka acheke sasa tumalize. Mimi mwenyewe, niliyemaliza sekondari na cheti ninacho kwenye sanduku, niliamini kwamba ekrani ya kompyuta inazuia risasi.

Chekeni. Nyinyi wa huko nyuma msifunike midomo, nawaona.

Mnanijua, mimi ni mtu wa ndani. Hata kabla ya vita sikuwa mtembezi. Vita ilinipa tu sababu nzuri ya kuwajibu watu. Dada yangu mkubwa, Yaya, ndiye anayeshuka kila asubuhi kuuza vitenge sokoni, milio ya bunduki iwepo isiwepo. Mimi ninabaki, ninafunga mlango, ninachapa. Wanafunzi wa chuo kikuu wananiletea memwari zao, yale maandiko ya kumalizia masomo, zimeandikwa kwa mkono, nami ninazichapa ziwe kitu cha kuweka mbele ya maprofesa. Kazi hiyo niliipenda kwa sababu moja kubwa: hainitaki nitoke.

Mashini yangu niliachiwa na biro moja, ofisi ya mjini iliyofunga. Ilikuja na ekrani mbili, zile nene zenye kisogo kirefu, ukiibeba moja unaita watu wakusaidie. Moja nzima, moja imekufa kabisa. Ile mfu ningeitupa, kama si ile siku risasi ilipopasua kioo cha nyumba ya tatu kutoka kwetu. Hakuumia mtu, Mungu asifiwe. Lakini dirisha la chumba changu nalo linatazama milimani, risasi zinakotoka, kama lile, na tangu saa ile sikuliona tena kuwa ni dirisha. Niliona tundu.

Basi nikapanga. Nilichukua kile kimeza kifupi cha kuwekea chai wageni, nikakisukuma chini ya dirisha. Juu yake nikaweka ekrani nzima, mgongo wake umeelekea milimani, na juu ya ekrani nzima nikapandisha ile mfu. Ukuta! Mimi nikakaa nyuma yake kwenye kiti cha jikoni, kile cha kumenyea viazi, klavye, ile bodi ya herufi, mapajani, kidevu kifuani. Yaya aliporudi akanikuta hivyo. Akasimama mlangoni na mzigo wake kichwani.

"We, umepoteza kitu huko chini?"

"Ninafanya kazi."

"Kazi gani? Kutaga?"

Nikaendelea kuchapa. Moyoni nikasema, huyu anatembea hadharani siku nzima halafu ananicheka mimi niliye na ukuta.

Nikakaa hivyo miezi, ndugu zangu. Sehemu hii sipendi kuisimulia, ila bila hiyo ushuhuda haupo. Kwanza macho. Jua la asubuhi lilichomoza juu ya milima likaingia pande zote mbili za ukuta wangu, likanipiga usoni, na katikati ya mwanga huo mimi natafuta herufi ndogo. Machozi yakawa yanashuka mpaka wanafunzi wakadhani memwari zao zinanigusa. Kisha kichwa. Kisha shingo, nikawa nikiitwa nageuka mwili mzima kama kabati. Halafu vidole viwili vya mkono wa kulia vikaanza kufa ganzi. Vinalala, naviamsha, vinalala tena. Asubuhi moja nimeshika kikombe cha chai, nikakiona kinaanguka. Sikuhisi kinaniponyoka. Nilikiona tu, kama cha mtu mwingine.

Nawaambia, hapo niliogopa kuliko milio yote. Nilikuwa na memwari ya kijana mmoja, amebakiza majuma matatu kujitetea mbele ya maprofesa, na mkono unaniacha. Nikawaza, nimepooza. Nikawaza, ni uvimbe kichwani. Nikawaza, kazi zote zilizobaki duniani zinataka mtu atoke nje. Hospitali sikwenda, njia ilikuwa haieleweki, na mimi, nisiwadanganye, hata ingekuwa shwari nisingekwenda. Niliogopa kuambiwa. Nikawa nachapa kwa mkono wa kushoto huku nalia kimyakimya ili Yaya asisikie. Alisikia, ndipo akawaomba nyinyi mniombee.

Sasa, kulikuwa na harusi ya binamu yetu, na Yaya akasema nguo lazima. Akamleta fundi wetu wa cherehani, mzee yule wa nyuma ya ua wetu, Mwislamu wa mji huu tangu babu zake. Sitamtaja, ila anakohoa pale pembeni. Alikuja na utepe wake shingoni na daftari lake, maana vipimo vya kila mtu anavihifadhi. Akanisimamisha. Akapima bega moja, akapima la pili. Akafungua daftari, akatazama. Akapima tena.

"Mwanangu, mwaka uliopita ulikuwa na mabega sawa. Leo hili la kuume limepanda vidole viwili, na mgongo umekula urefu wako. Umebeba nini?"

"Sibebi kitu, Mzee. Ninakaa tu."

"Unakaaje? Nionyeshe."

Nikakaa nyuma ya ukuta wangu, kwa fahari kidogo, nikamweleza mambo ya risasi. Mzee akavuta pumzi ili anijibu. Hakujibu, kwa sababu milimani palianza kulia. Karibu. Vioo vikatetemeka. Sijui nilipitaje, nilijikuta kwenye korido, pale katikati ya kuta mbili tunapolala sote mambo yakichacha, tumbo chini, na mzee kando yangu anasoma dua yake, na Yaya miguuni kwetu.

Tulilala hapo muda. Milio ilipopungua kidogo, mzee akageuza uso, shavu lake bado liko simentini.

"Mwanangu."

"Naam, Mzee."

"Mbona hukubaki nyuma ya ukuta wako?"

Ndugu zangu, hebu fikirini. Miezi yote ile nimejikunja nyuma ya ekrani, na risasi zilipolia kweli, mimi ndiye niliyezikimbia wa kwanza! Mwili wangu ulikuwa unajua siku zote kwamba ule si ukuta. Ni kichwa tu kilichokuwa kinajidanganya.

"Sikia," akasema. "Hapa korido ndiyo pa kujificha. Kule ni pa kazi. We unafanya kazi mahali pa kujificha, njo maana kazi inakuumiza, na kujificha hujajificha."

Palipotulia hakwenda kwake. Alivua koti. Akatuambia tulete meza ya kulia chakula, akaiweka kwenye ukuta wa ndani, mbali na dirisha, mwanga uje kutoka kushoto, kama anavyoweka cherehani yake. "Mwanga ukija mbele unakupofua, ukija nyuma unang'aa kwenye kioo. Uje ubavuni." Akaniketisha kwenye kiti cha kweli, akapima kwa utepe kutoka mezani mpaka jichoni pangu, akaweka mbao chini ya ekrani mpaka ukingo wake wa juu ukalingana na macho. "Nyosha mkono. Vidole viguse kioo. Hapo basi, usisogee zaidi." Viwiko usawa wa klavye, nyayo chini. Ile ekrani mfu Yaya aliibeba peke yake mpaka stoo, sijui nguvu alizitoa wapi.

Nilipokaa wima mara ya kwanza nilitazama dirisha kabla ya ekrani. Nilihisi kichwa changu kimekuwa kikubwa, kila mtu mlimani anakiona, ingawa palikuwa na matofali mazima kati yetu. Hofu haikutoka siku hiyo, na haijatoka yote. Jana tu nimelala korido kama nyinyi. Lakini vidole vilirudi, kimoja kwanza, kingine baada ya siku nyingi. Memwari ilifika kwa maprofesa, yule kijana akafaulu, na kikombe changu ninakihisi.

Basi ninachowaomba, nyinyi mnaoshona, mnaosahihisha madaftari, mnaokaa dukani mmejikunja: milio ikilia, jificheni vizuri. Ikinyamaza, kaeni vizuri. Msifanye yote mawili nusunusu kama mimi. Na mkono ukifa ganzi, semeni mapema.

Namshukuru Yaya, aliyenicheka na bado akabeba meza. Namshukuru mzee wetu, Mungu amlipe. Na ninyi nyote mliosikia kwamba napooza mkafunga na kuniombea, asanteni sana. Nilipomweleza jirani yetu wa mkabala, pale getini, kwamba nimepona na ugonjwa ulikuwa nini, aliniangalia juu mpaka chini, akasema: "Kwa hiyo yale majuma sita tulifunga bila kula, tulikuwa tunaombea meza?"