Mega za Donat Zinaenda Wapi

Pale Katindo, kando ya fundi matairi, kuna ubao mrefu uliolazwa juu ya mawe meusi ya volkano. Asubuhi tunakunywa kahawa hapo, na Mama Cibalonza, mwenye termosi, ndiye anayeamua nani akae na nani asimame. Siku ile Donat alifika bila hata kusalimia. Ni motari, anabeba abiria kwa pikipiki, mtu wa utani, lakini tangu mke wake Umwiza aende kwa mama yake, kijijini Kalengera, kungojea kujifungua mwezi ujao, telefone haimtoki mkononi.

— Batu, muniambie. Jana mangaribi niliweka mega za internet, nikalala. Naamuka, mega hakuna! Na Umwiza alinitumia audio, haifunguke.

— Uliangalia video, alisema Kambale. Yeye hutengeneza redio, ndiyo maana tunamwita Injenia.

— Video gani? Mi nilikuwa nalala!

— Wewe ulilala, telefone haikulala. Usiku inajitengeneza yenyewe, inavuta maprogramu mapya. Wewe unakoroma, yenyewe inakula.

— Bila kuniuliza?

— Ilikuuliza siku ya kwanza. Ulibonyeza “oui” bila kusoma.

Muzee Harelimana akaweka kikombe chini. Huyo tunamwita Diploma, yaani mwanadiplomasia, kwa sababu kila juma anavuka mpaka kwenda Gisenyi kuuza maharagi.

— Hapana, ni mupaka. Telefone ikikosa rezo ya huku, mutandao wetu, inashika ya ng'ambo. Inavuka bila jeton, ile karatasi ya kuvukia, bila kupanga mustari! Kule inalipishwa kama mugeni.

— Papa, mi nalala Ndosho, mbali kabisa na mupaka.

— Rezo haijue mbali. Inateleza juu ya ziwa.

— Na volkano je? aliuliza Mama Cibalonza. Kila Nyiragongo ikiwa nyekundu usiku, mega zangu zinaisha mbio. Moto unazivuta.

— Mama, moto unavuta mega? aliuliza Injenia.

— Moto unavuta hewa. Mega zinapita wapi, kama si mu hewa?

Sote tukatazama juu, upande wa mlima, lakini ulikuwa umefunikwa na mawingu.

— Basi juu ya nini SMS haiombi mega? aliuliza Donat.

— SMS inakula unite, zile za kupigia simu, audio inakula mega, alijibu Kambale. SMS ni maneno tu. Audio inabeba na pumzi yako, na kuku anayepita nyuma yako.

— Kumbe mutu wa kusema polepole analipa mingi, alisema Muzee Harelimana.

— Yesu! Umwiza anasema polepole sana. Anaanza na salamu, kisha mbuzi za mama yake, moja moja.

Tulicheka. Kambale peke yake hakucheka. Alikuwa ameshatoa telefone yake, anatafuta mahali inapoonyesha mega zilizobaki.

— Tupime. Donat, nakufungulia koneksyo yangu. Fungua ile audio, tuone inakula ngapi.

Vichwa vyote vikainama. Hata Aurélie, mshonaji aliyehamia mtaa ule juzi na aliyekuwa amekuja tu kununua kahawa, akasogea. Audio ikashuka. Donat akabonyeza.

Haikuwa sauti ya Umwiza. Ilikuwa ya mama mkwe wake, anahema, upepo unapiga.

“Donat, mukwe wangu, niko ku kilima na telefone ya Umwiza, huku njo kuko rezo. Umwiza amezaa usiku. Mutoto aliharakisha. Ni binti. Iko mudogo, lakini analia na nguvu. Umwiza iko muzima, usiogope. Anasema wewe njo utatoa jina. Tunakungojea.”

Donat akaisikiliza tena. Mara ya pili alikuwa ameketi, na kofia ya pikipiki imeanguka chini. Mama Cibalonza akapiga vigelegele hadi fundi matairi akatoka mbio na spana mkononi. Muzee Harelimana akamshika Donat mkono, hakuuachia. Kuhusu mega, hakuna aliyetazama.

— Félicitations, papa, alisema Aurélie. Mutoto ataitwa nani?

Donat alimtazama. Akamtazama Kambale, Kambale akamtazama muzee. Mwezi mzima alikuwa amefikiria nguo, dawa, barabara. Jina alidhani wakati wake haujafika.

Akabonyeza kurekodi, akaleta telefone mdomoni.

— Mama… alisema.

Kidole kikabaki palepale, machozi yanamtoka, na Kambale hakufunga koneksyo.