Mpatanishi wa Mbao na Plastiki

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1955, mtoto wa nne wa seremala, katika chumba cha nyuma cha karakana ya baba yake. Miezi yake ya kwanza alilala kwenye sanduku la maranda.

Alisoma hadi darasa la saba, baba akaugua, shule ikaishia hapo. Mengine aliyapata kwenye vitabu vya kuazima, yeye na kaka yake wakisoma kwa zamu. Enzi hizo kitabu kilisomwa mpaka jalada likang'oka.

Mwaka 1983 aliajiriwa kwenye kiwanda kilichotengeneza mbao za unga wa mti na plastiki chakavu. Kazi yake ilikuwa kubandika ubao halisi juu ya mbao hizo. Gundi hushika mti, lakini plastiki huikataa. Marehemu aliikwaruza kwa msasa, akaifuta kwa spiriti, akapitisha moto wa gesi upesi bila kuunguza, kisha akadondosha maji. Yakitanda, alipaka gundi. Yakikaa kama shanga, alianza upya. Wakamwita Mzee Tone kabla hajafika miaka thelathini. Siku hizi watu hupaka gundi na kumwachia Mungu.

Mwaka 1986 alimwoa mshonaji wa mtaa wa pili. Baba mkwe alimuuliza kazi yake.

"Napatanisha mbao na plastiki, mzee."

"Basi binti yangu utamweza."

Oktoba 2003 ziliagizwa ngazi za zahanati, kwa haraka. Msimamizi wa zamu, ambaye ni kaka yake anayesoma wasifu huu, alimwambia aruke hatua ya moto.

"Kaka, zitabanduka."

"Zikibanduka, tutakuwa tumeshakabidhi."

"Basi mkono wangu haumo."

Akavua aproni. Kaka yake akaandika barua kwamba amefukuzwa kwa uzembe.

Miezi saba baadaye ubao mmoja ulibanduka, muuguzi akateleza akavunjika nyonga. Marehemu alikwenda bila kuitwa, akabandua ngazi zote thelathini na mbili na kuzibandika upya kwa siku nne. Zipo hadi leo.

Hakuna karakana iliyompokea baada ya kusoma barua ile. Mara mbili alimwomba kaka yake aifute. Mara zote mbili alijibiwa, "Yaliyopita si ndwele." Hakuomba tena. Aliishi kwa kutengeneza viti vya majirani barazani kwake.

Mwaka 2016 mapafu yalianza kumsumbua. Alifariki nyumbani tarehe 9 Mei 2019, saa nne asubuhi, mkewe akiwa kando yake.

Ameacha mjane, mabinti wawili, wajukuu watano na kaka mmoja. Wajukuu wasikie hili kabla udongo haujarudishwa: babu yenu hakuwa mzembe hata siku moja. Barua ilikuwa ya uongo, na aliyeiandika ndiye huyu anayesoma.

Alale kwa amani, jina lake likiwa safi.