Brionna Pettway na Jiko Aliloahidiwa

Marehemu Brionna Odessa Pettway Gaines alizaliwa tarehe 9 Machi 1996 hapa Detroit, upande wa mashariki, mtoto wa pekee wa marehemu Lorraine Pettway. Alilelewa na bibi yake, Bi Earline, aliyeketi hapa mbele. Tarehe hiyo ya kuzaliwa tunaomba muikumbuke.

Alimaliza sekondari mwaka 2014. Darasani alikuwa msemaji kuliko msomaji, na mwalimu wake wa hesabu alimsamehe mengi kwa ajili ya pai zake za viazi vitamu.

Pai hizo alizioka katika jiko la kanisa hili. Mwaka 2018 alijiunga na programu ya kuwainua vijana wajasiriamali. Mkurugenzi alimwambia biashara ya maana haiokwi kanisani, akamkabidhi ufunguo wa jiko lao mbele ya Bi Earline: "Hili ni lako, Bri, mpaka upate lako mwenyewe." Brionna akaliaga jiko la kanisa. Biashara ilikua kweli. Aliajiri majirani wanne, na programu ikabandika bango lenye picha yake akicheka kwenye vituo vya basi.

Mwaka 2019 aliolewa na Jerrell Gaines, mmoja wa hao wanne, aliyeajiriwa kupeleka pai na akaila moja njiani siku ya kwanza. Walijaliwa binti, Nyla.

Siku Brionna alipotimiza miaka ishirini na mitano, programu ilimkatia keki, ikamwimbia, kisha ikamwomba ufunguo. Ujana kwao unakomea ishirini na nne. Jioni alimwambia bibi yake, "Waliniimbia kwanza, Bibi." Jiko la kanisa lilikuwa limeshachukuliwa na wengine. Wale wanne wakabaki bila kazi, na bango likaendelea kutangaza kuwa amewaajiri. Tulisalitiwa, na hatuna neno laini zaidi la kuwapa.

Ugonjwa wa selimundu, ule wa damu, alizaliwa nao, akaishi nao bila kulalamika. Kazi aliyoipata baadaye, katika ghala la baridi, ilimzidishia maumivu. Alifariki tarehe 17 Novemba 2024, mkono wake ukiwa mkononi mwa Jerrell.

Ameacha mume, binti na bibi.

Familia leo imevaa fulana zenye picha yake, kama tunavyowaaga wetu. Wageni wetu wa ile programu nao wamekuja na zao, zenye picha ileile ya bango na jina lao chini yake. Karibuni, na chakula mtakula nasi. Ila Bi Earline anawaomba mzigeuze ndani nje kabla hatujambeba.

Apumzike pasipo na mtu wa kumwomba ufunguo.