Usukani Mrefu wa Mzee Chhotubhai

Mzee Chhotubhai amefanya kazi katika gereji yetu ya pikipiki hapa ng'ambo, Stechford, miaka kumi na moja, tangu alipofika kutoka Nakuru mwaka 1968. Ijumaa hii, tarehe 31 Agosti 1979, anastaafu. Mimi Alfayo nimepewa kazi ya kuandika habari zake kwa sababu hakuna mwingine hapa anayejua kuandika kama mimi. Shule nilifika darasa la tatu tu, lakini nilikaa dawati la mbele.

Alianza na kunyoosha rimu, akaishia kuwa fundi mkuu. Cheo hicho kilikuwa changu, ila tajiri wetu Gurmeet alisahau kunipa. Wakati wa theluji Mzee alikuwa akipasha spana moto juu ya jiko, halafu ananikabidhi mimi ile iliyobaki baridi. Nami nilipokea. Mwanamume hasemi baridi.

Mwaka huu mgongo wake ulimgomea. Pikipiki yake ina usukani wa chini, unaiendesha umelalia tangi kama mjusi. Daktari akamwambia aache. Mkewe, Mama Raksha, akasema iuzwe, mabasi ya kwenda kwao Castle Vale yana viti. Tangu siku hiyo Mzee alikula chakula cha mchana amesimama kando ya pikipiki yake.

Gurmeet alipouliza tumpe zawadi gani, wengine wakasema saa. Saa ya nini kwa mtu asiyekwenda kazini? Nikasema tumnunulie usukani mrefu, akae wima, aendelee kuendesha. Na wa kuufunga ni mimi, kwa siri.

Nazir wa kuchomelea akanionya, "Mzee Alfayo, usukani ukipanda, kebo nazo zirefuke. Tumuulize mwenyewe."

Nikamjibu, "Mimi nilishika spana wewe ukinyonya."

Nikaufunga. Ulipendeza, nikaita gereji nzima waje waone. Nikawasha, nikatia gia, nikakata kushoto. Kumbe ile kebo fupi ya kuongeza mafuta ilivutika, injini ikanguruma yenyewe, nami kwa haraka, si kwa woga, nikaachia klachi. Pikipiki ikanipeleka hadi ndani ya rundo la matairi mabovu. Nilibaki juu yake mpaka mwisho, hilo waliliona wote.

Kelele zikamtoa Mzee kwenye chai. Akatazama usukani, akanitazama mimi ndani ya matairi.

"Alfayo ndugu yangu," akasema, "umempa mbuzi pembe za ng'ombe, kamba ukamwachia ileile ya mbuzi."

Basi akafunga kebo ndefu mwenyewe, kwenye zawadi yake mwenyewe. Mimi nilishika taa, na niliishika vizuri sana. Akawasha, akageuza usukani kushoto mpaka mwisho, kulia mpaka mwisho, injini ikatulia. Akapanda, mgongo umenyooka, akaanza kupiga mluzi.

Jumapili iliyopita Mama Raksha alikuja kukagua. Akaizunguka pikipiki mara mbili. Akauliza, "Na mimi nakaa wapi?"

Mzee Chhotubhai, asante kwa kazi, na kwa uvumilivu wako kwa Nazir. Tunakuombea mgongo mzima, barabara kavu, na miaka mingi ya kumpakia Mama. Watu wakiuliza nani alikufungia usukani huo, sema ni Alfayo. Habari za matairi si lazima.