Sikuzani binti Asmani, Aliyepima Mioyo ya Watu wa Rumonge

Ndugu na majirani, na ninyi mliokuja kwa mitumbwi kutoka Kigwena na kwa miguu kutoka Kabezi, hitima imekwisha na kahawa iko njiani, tunawaomba kwanza mtusikilize sisi wa nyumba ya Asmani tukiwasomea maisha ya dada yetu Sikuzani, tuliyemzika juzi Ijumaa, tarehe kumi na tano Novemba mwaka 1912, kwa sababu mengi yamesemwa barazani siku hizi tatu, na yeye hayupo tena kuyajibu.

Marehemu alizaliwa Ujiji, mwezi wa Shaabani, mwaka ambao Wazungu wanauhesabu 1876, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Asmani, mfanyabiashara wa chumvi ya Uvinza, na mama yetu Wema, ambaye mnamwona amekaa pale mlangoni. Mwaka 1885 baba alivuka na mizigo yake na watoto wake, akajenga hapa Rumonge, na hapa ndipo marehemu aliposoma katika chuo cha Kurani, akahitimu msahafu mwaka 1889, akapikiwa pilau na kutembezwa mtaani na wasichana wenzake, naye akikataa kubebwa, akisema ana miguu yake.

Miguu hiyo ilikuwa imepona majuzi tu, kwa kuwa katika masika ya mwaka 1887 alishikwa na homa iliyomvimbisha magoti na vifundo, ikahama goti hili kwenda lile kama mgeni asiyepata mahali pa kulala, akakaa ndani mpaka kiangazi, akainuka, na sote tukadhani ule ugonjwa umekwenda zake, kumbe ulikuwa umeingia moyoni, ukakaa humo bila kelele miaka mingi.

Tarehe kumi na tano Aprili mwaka 1894 aliolewa na Abasi, fundi wa mitumbwi, mtu wa maneno machache, na Mungu akawajalia watoto watatu, Batuli aliyezaliwa mwaka 1896, Idi aliyezaliwa mwaka 1899, na Esha aliyezaliwa mwaka 1903 akafariki kabla hajatambaa. Baada ya kumzaa Esha ndipo marehemu alipoanza kusimama katikati ya njia ya kisimani, ndoo kichwani, akijifanya anatazama ziwa, na wanawake wenzake wakamtania kwamba anamtafuta Abasi majini, naye hakuwaambia kwamba pumzi imemwishia.

Mwaka 1908 serikali ya Wadachi, yaani Wajerumani, ilipojenga kambi ya ugonjwa wa malale hapa kwetu, marehemu aliingia kama mpishi wa wagonjwa, na Bwana Daktari wa kambi hiyo, alipoona jinsi anavyowageuza wagonjwa bila kuwaumiza, akamtoa jikoni akamtia katika kazi ya uuguzi. Malale ndiyo iliyoleta kambi, lakini waliobisha mlangoni walileta magonjwa yao yote, wakiwemo wale ambao miguu imevimba, pumzi fupi, hawawezi kulala chali, na hao ndio waliokuwa wake. Aliokota nyavu kuukuu za wavuvi, akazikunja, akaziegemeza ukutani ziwe mto mrefu, mgonjwa akalala ameketi na kupumua, na akawapikia bila chumvi hata chembe, yeye mtoto wa muuza chumvi, jambo ambalo hapa ni kama kumtukana mtu mezani. Mzee mmoja mvuvi alimwambia mbele ya wote, "Dada, hii uji iko kama maji ya kuoshea mutumbwi," naye akamjibu bila kuinua macho, "Basi kunywa, babu, na mutumbwi wako umejaa maji, tuuoshe," na yule mzee alicheka mpaka akakohoa, akanywa.

Alifundishwa pia kutumia kile kifaa cha mpira kinachofungwa mkononi na kupulizwa, chenye mrija wa zebaki, kinachoonyesha jinsi damu inavyosukuma kwenye mishipa, na watu walikiogopa, na aliyewazidishia woga ni Uledi, akipita dirishani na kusema, "Wanawafunga mikono kama wezi wa mbuzi, kesho mtaona kamba shingoni." Marehemu alimrushia kitambaa chenye maji, wagonjwa wakacheka, kazi ikaendelea.

Wageni wetu hamumjui Uledi, kwa hiyo tuseme kwamba nyumba yake na nyumba yetu ni watani tangu mababu walipovuka ziwa pamoja, watu wa Ubwari na watu wa Ujiji, na mtani kwetu anaweza kukuita nyani mbele ya wakwe zako, anaweza kuchukua kuku wako au kofia yako na kudai umkomboe, nawe ukikasirika umeaibisha ukoo wako wote. Na mama yake Uledi, Mama Mwamini, alikuwa mgonjwa wa marehemu, mwenye moyo mchovu na miguu ya maji, na kwa kuwa hawezi kutembea mpaka kambini, Sikuzani alimfuata kwake kila asubuhi, na bibi huyo akamwita mwanangu, na kwa kweli akamlea kama mwanawe, akimsuka nywele huku akipimwa.

Mwaka 1910 Bwana Daktari aliweka mrija wake wa mti kwenye kifua cha marehemu mwenyewe, akasikiliza kwa muda mrefu, akamwambia kwamba ile homa ya utotoni iliharibu mlango mmoja wa moyo, haufungi sawasawa, damu inarudi ilikotoka, na kwamba tangu siku hiyo atakunywa yale matone anayowanywesha wengine. Hayo matone, yatokanayo na majani ya ua la Ulaya, yanaupa moyo nguvu na mwendo wa taratibu, lakini yakizidi yanaupooza, mgonjwa anatapika, anaona kila kitu kina rangi ya manjano, na mwisho moyo unasimama, ndiyo maana sharti la kwanza ni kushika kifundo cha mkono na kuhesabu mapigo, na yakiwa ya polepole mno chupa inafungwa, mgonjwa hapewi kitu siku hiyo, hata akiomba. Marehemu alilishika sharti hilo kama alivyoshika swala, kwa wengine na kwa nafsi yake.

Mwezi wa Julai mwaka huu Bwana Daktari aliitwa kwenye kambi za kusini, akamwachia Sikuzani chupa moja, ya kuwatosha yeye na Mama Mwamini mpaka meli ilete nyingine. Ramadhani ikaingia, na asubuhi kadhaa mfululizo Sikuzani alishika mkono wa Mama Mwamini, akahesabu, akafunga chupa, akasema, "Leo bado, mama, moyo wako unatembea kama mtu aliyeshiba," na Uledi, aliyekuwa akishona nyavu uani, aliona chupa ikifunguliwa na kufungwa bila mama yake kupata tone, halafu chupa ikarudi nyumbani kwa Sikuzani. Hakuuliza. Mwanamume mzima, mwenye mdomo wa kuuliza kila kitu cha watu, hilo moja hakuuliza, akajijibu mwenyewe, kwamba mwanamke yule anambania mama yake dawa ili aishi yeye.

Siku ya Idi, Ijumaa tarehe kumi na tatu Septemba, watani walikuja na ngoma yao kama kila mwaka, wakala, wakatutukana vizuri, na Uledi akaingia ndani, akatoka ameinua ile chupa juu ya kichwa, akatangaza kwamba ameteka hazina ya nyumba, na asiyemletea kuku asahau. Ua mzima ulicheka, na Sikuzani naye akacheka, akamwambia, "Irudishe kabla ya jua kuzama, mtani, hiyo si pombe," naye akajibu, "Vitu vya Wazungu lazima viko vitamu," akaenda zake akicheza. Asubuhi Abasi alipeleka kuku. Uledi alimpokea, akamla, akatuma salamu kwamba mateka huyo ni mtoto wa mfalme, kuku mmoja hatoshi. Akapelekewa wa pili. Na dada yetu, ambaye tayari alikuwa akihema usiku, hakuweza kwenda kugombana, kwa kuwa tulimkataza sisi sote, tukimwambia kwamba mtani hapigiwi kelele, atachoka mwenyewe.

Haikupita wiki, akaitwa mbio kwa Mama Mwamini. Alimkuta anatapika, anasema maziwa ni ya manjano, ukuta ni wa manjano, na alipomshika mkono moyo ulikuwa unapiga mara moja, unakaa, unasahau, unakumbuka. Hapo hapo alijua dawa yake iko wapi. Akamwuliza taratibu, "Mama, umekunywa nini?" na Mama Mwamini akasema, "Ni samaki wa Idi, mwanangu, wameniharibu tumbo," akageuzia uso ukutani. Sikuzani hakubisha, akakaa naye, akampa maji kidogo kidogo, akamzuia kuinuka hata kwenda uani, akazuia kila dawa ya kienyeji iliyoletwa na mashangazi, akawa anahesabu yale mapigo mpaka yakapangana tena, na yule bibi akapona, naye yuko hai, yumo humu ndani leo, na tunamshukuru Mungu kwa hilo.

Ndipo marehemu alipomwambia Uledi, uani, Abasi akisikia, "Nipe kilichobaki," na Uledi akamwambia kwamba hakuna kilichobaki, mama alipoanza kutapika aliogopa kuwa ni sumu, akaitupa chupa ziwani. "Nilijua unatunyima," akasema, "nikachukua haki ya mama." Kisha alipoona uso wa Abasi umebadilika akaongeza, "Lakini, shemeji, ulikuwa utani tu."

Abasi alipeleka jambo hilo kwa wazee, wakamwambia kwamba utani haushtakiwi, akiruhusiwa mmoja kushtaki tutashtakiana wote. Hakusubiri maneno zaidi, akashusha mtumbwi wake mwenyewe majini, akapiga kasia mpaka Usumbura, na mganga wa serikali wa pale akafungua kabati lake mbele yake, akamwonyesha kwamba hana, meli iko Kigoma inatengenezwa, naye akarudi na mikono mitupu, na mtu yule wa maneno machache tangu hapo ameyapunguza tena.

Marehemu alijiuguza mwenyewe kama alivyouguza wengine, akaegemea nyavu, akala bila chumvi, akaacha kubeba maji, na kwa miguu iliyovimba akaendelea kwenda kwa Mama Mwamini kila asubuhi mpaka tarehe ishirini na mbili Oktoba, alipoanguka mlangoni kwa bibi huyo. Tangu siku hiyo alimtuma Batuli, akimfundisha kwanza kwenye mkono wake mwenyewe, na mtoto ndiye aliyekuwa akihesabu moyo wa mama yake ukienda mbio zaidi kila siku na kumwambia idadi, kwa kuwa mama alitaka aambiwe kweli. Watu wamesema barazani kwamba alikufa na kinyongo cha chupa. Si chupa. Alituambia mwenyewe, jioni moja, akihema kati ya neno na neno, "Uledi hakujua, mtu asiyejua namwelewa, lakini yule mama nilimshika mkono, mkono ukaniambia kila kitu, na mdomo wake ukanificha, naye alijua chupa ni ya sisi wawili." Baada ya hapo hakulitaja tena, na sisi tumelitaja leo mara hii moja, mbele ya Mama Mwamini mwenyewe, ili lisitajwe pembeni.

Alifariki Alhamisi tarehe kumi na nne Novemba mwaka 1912, baada ya alasiri, akiwa ameketi, mkono wake mkononi mwa Batuli, akiwa na umri wa miaka thelathini na sita, akiacha mume, watoto wawili na mama mzazi.

Tunamshukuru Bwana Daktari aliyemfundisha kazi na kumwamini nayo, tunamshukuru mganga wa Usumbura ambaye hakumfukuza Abasi mlangoni, wauguzi wa kambi waliobeba zamu zake bila kuombwa, wavuvi waliotuletea nyavu, majirani wa mtaa huu waliochota maji na kupika siku zote tatu, na wagonjwa wake waliotoka kambini kwa fimbo kuja kumsalia. Mama Mwamini, tunakushukuru kwa kuja. Meli imeingia jana Jumamosi, imeleta chupa, Batuli ameipokea na kutia sahihi, na kesho asubuhi atakuja kwako, atakushika mkono kwanza, na kama moyo wako utaruhusu utapata matone yako, kama alivyoagizwa na mama yake, na hivyo kila siku, usiwe na shaka naye.

Nawe Uledi, Ijumaa ulilala njiani mbele ya jeneza kama kazi ya mtani inavyotaka, ukasema hapiti mtu, huyu alikuwa bahili, lipeni kwanza, na uliona mwenyewe kwamba hakuna aliyelipa wala aliyecheka, wachukuzi walipita katikati ya shamba la muhogo wakakuzunguka. Hatukudai chochote, na hatutakupeleka kwa mtu. Ila kuanzia leo hututanii na hatukutanii, ukija nyumbani utabisha hodi, tutakupa kiti, tutakuuliza habari za safari, tutakuita bwana. Chakula kikitoka sasa hivi, tumekutengea mahali pamoja na wageni.

Sikuzani binti Asmani, dada yetu, ulilala umeketi muda mrefu, sasa umelazwa, pumzi haikusumbui tena, pumzika, na amani ya Mungu ikae nawe.